Mbwa Mdogo Hubebwa, Hafundishwi

Toleo lililopita niliigusia klika kwa aya moja tu, nikidhani ni jambo la wachache. Barua zilizokuja zimezidi zote nilizowahi kupata kuhusu kupe na minyoo, na karibu zote zimeandikwa na watu wenye mbwa wadogo. Nimechagua saba. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaondoa kama wenyewe walivyoomba.

Kwa ambaye hakusoma: klika ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, na ndani yake kuna ulimi wa bati. Ukikibonyeza kinalia "ta-tak". Unamzoesha mbwa kwamba kila kikilia, chakula kinakuja. Akishalijua hilo, mlio unakuwa njia yako ya kumwambia: hilo ulilofanya sasa hivi, hilo hilo, ndilo nililolitaka.

*

*Shangazi, dada yangu anayeishi Muscat aliniletea klika alipokuja likizo. Mbwa wangu anaitwa Pamba, ni Maltese wa miaka miwili, ana kilo tatu na robo. Nilipobonyeza mara ya kwanza aliruka akaingia chini ya kochi, hakutoka mpaka jioni. Sasa akiona tu mkono wangu unaingia mfukoni, anakimbia. Je, hiki kitu hakifai kwa mbwa wadogo?*
— Mama wa wawili, Kimara, Dar es Salaam

Kinafaa sana, mama, ila kimeanzishwa vibaya, na kosa hilo hufanywa na karibu kila mwenye mbwa wa kimo cha Pamba. Hebu fikiria masikio yake yalikuwa wapi ulipobonyeza. Mbwa mkubwa akikaa mbele yako, kichwa kipo usawa wa kiuno na klika ipo kifuani kwako. Kwa Pamba unalazimika kuinama ili umpe chakula, na mkono wenye klika unashuka pamoja nawe. Mlio ule mkali wa bati umempasukia kando ya sikio, na sikio lake linasikia kuliko langu na lako tukiyaunganisha. Mimi nami ningeingia chini ya kochi.

Iweke klika kabatini kwa wiki mbili, asiione. Chukua kalamu ile ya kubonyeza kichwani, ya kawaida ya dukani. Kaa chini, mkekani au kwenye zulia, umpe ubavu badala ya kumtazama usoni. Kalamu iwe nyuma ya mgongo wako. Bonyeza mara moja, hesabu moja kichwani, kisha weka kipande cha chakula sakafuni karibu na miguu yake. Usimwambie lolote, usimwombe afanye lolote. Mlio, chakula. Mlio, chakula. Mara kumi, halafu ondoka ukaendelee na shughuli zako. Jioni rudia. Siku atakaposikia kalamu na kugeuza kichwa kukutafuta wewe, ujue ameshaelewa.

Ndipo urudi kwenye klika, ukiwa umeivisha soksi mbili na kuiacha mfukoni. Soksi moja ivue baada ya siku chache. Wako ambao hawazivui kamwe, wala hakuna ubaya, kwa sababu mlio si lazima uwe mkubwa. Lazima uwe ule ule. Ndiyo maana napendelea kidude kuliko neno la mdomo. Neno langu la asubuhi na neno langu la saa moja usiku, baada ya foleni na joto, si neno moja, na mbwa anaisikia tofauti hiyo. Bati halichoki.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wadogo wanapoharibiwa. Kipande cha Pamba kiwe nusu ya punje ya mahindi. Nusu! Sijui mtu ambaye hakushangaa nilipomwambia hivyo, lakini mlio ndio unaomfurahisha, kipande ni kutimiza ahadi tu. Dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi hunitolea vipande vitatu au vinne. Kidari cha kuku kilichochemshwa kwa maji matupu ni kizuri pia, na maini kidogo kwa siku ngumu. Usitumie nyama ya mchuzi, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa, na kwa mwili wa kilo tatu sumu kidogo ni nyingi. Chokoleti na zabibu usimpe kabisa. Vipande vyote vya siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake, na chakula cha bakuli ukipunguze kwa kiasi hicho. Wapo wanaosema mbwa ashindishwe njaa ili afundishike. Mtoto wa mbwa wa mbegu hizi ndogo akishindishwa njaa, sukari yake ya damu inaweza kushuka akaanza kuyumba na kulegea, na ukichelewa unampoteza. Usifanye.

Umeuliza kama kinafaa wadogo. Nitakujibu kwa panya. Naishi Morogoro, na klika niliiona kwa jirani yangu aliyekuwa akifundisha panya buku wa APOPO, shirika linalowafundisha panya kunusa mabomu, pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya wale husikilizishwa mlio na kupewa ndizi na karanga tangu wangali wadogo, wakajua maana yake, kisha ndipo hufundishwa kunusa baruti zilizofukiwa ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Alikufa Januari 2022. Alikuwa na kilo moja na kidogo, theluthi ya Pamba wako. Wepesi ule ndio uliomwezesha kupita juu ya bomu bila kulilipua. Jirani alinionyesha klika yake jioni moja uani, nikaifanyia jaribio kwa mbwa wangu Kunde usiku ule ule, na tangu hapo sijawahi kumfundisha mbwa kwa njia nyingine.

Jambo la mwisho kwako: klika si kengele ya kumwita. Mimi nilifanya kosa hilo mwezi wa kwanza. Kunde akichelewa kurudi kutoka uani nabonyeza, anakuja mbio, nafurahi. Nilikuwa namlipa kwa kuchelewa. Ilinichukua mwezi mwingine kulifuta.

*

*Mama, nimefuga mbwa tangu mwaka 1974 na wote walijua amri kwa sauti na fimbo. Sasa wajukuu wameniletea kambwa ka manyoya na wanakafundisha kwa vipande vya nyama. Naona hii ni rushwa. Siku nyama haipo, mbwa atatii?*
— Mwalimu mstaafu, Moshi

Shikamoo, mwalimu.

Rushwa hutangulia kazi. Ujira hufuata kazi. Kama wajukuu wanamwonyesha mbwa nyama ili aje, mwalimu una haki kabisa, hiyo ni rushwa, na siku mikono ikiwa mitupu mbwa ataangalia kwanza kisha aamue. Waambie nyama ikae kwenye kopo juu ya kabati. Mbwa akae kwanza, mlio usikike makalio yanapogusa chini, ndipo mkono uende kwenye kopo. Mpangilio huo ndio fundisho lenyewe.

Wewe umesahihisha madaftari miaka mingi. Mtoto akirudishiwa hesabu zake baada ya mwezi, ile alama ya vema anaiona lakini hakumbuki alifikiri nini alipokokotoa. Akiwekewa vema pale pale, kalamu yake ikiwa bado haijakauka, anajua. Mbwa ana kumbukumbu fupi zaidi kwa mambo haya. Ukimpa nyama sekunde tano baada ya kukaa, huenda wakati huo ameshasimama, ametazama kuku, amejikuna. Umelipia kujikuna. Klika ni vema ya wino mwekundu inayofika kwa wakati, hata kama nyama yenyewe iko nyuma kidogo.

Wala si mchezo wa watoto wa siku hizi. Elimu yake ilitokana na kazi za mwanasaikolojia B. F. Skinner huko Marekani, na waliokuwa wanafunzi wake, Keller na Marian Breland, walianza kuitumia kibiashara kufundisha wanyama katika miaka ya 1940, kuanzia kuku mpaka nguruwe. Mkufunzi wa wanyama Karen Pryor aliifanyia kazi kwa pomboo huko Hawaii miaka ya 1960, akitumia filimbi, kwa sababu pomboo huwezi kumvuta kwa kamba wala kumchapa. Akichukia, anaogelea upande wa pili na kazi imekwisha. Hapo nadhani ndipo jibu la swali lako lilipo. Mbwa wako wa 1974 alikuwa na ua mzima wa kukimbilia na mwili wa kustahimili. Huyu wa manyoya hana kilo nne. Fimbo moja iliyokosea inamvunja mguu, na isiyokosea inamfundisha kumwogopa mkono, ambao ndio utakaomwosha, kumtibu na kumkata kucha maisha yake yote.

Siku nyama haipo atatii, mwalimu, kwa sharti moja: jambo likishakolea, klika huwekwa kando na ujira hubadilika. Mara kipande, mara sifa, mara kufunguliwa mlango atoke. Klika ni ya kufundishia jambo jipya. Kunde hajasikia klika kwa neno "kaa" kwa miaka saba na bado anakaa.

*

*Assalamu alaikum, Shangazi. Nafanya kazi za nyumbani Nyali. Wana mbwa aina ya Chihuahua, jina lake Tajiri. Mimi ni Muislamu, na nikishatawadha huyu mbwa hunirukia miguuni akanilamba. Inanibidi nioshe mguu mara saba, mojawapo kwa udongo, na wakati wa swala unakimbia. Nikilalamika naambiwa ananisalimia tu. Sitaki kumpiga na sitaki kumshika. Naweza kumfundisha?*
— Msomaji, Mombasa

Waalaikumu salaam, binti yangu. Barua yako niliisoma mara tatu. Mambo ya twahara unayajua wewe kuliko mimi, na nakuheshimu kwa kumkataa mbwa bila kumchukia. Unaweza kumfundisha bila kumgusa hata mara moja. Klika imetokana na kazi za watu waliofundisha wanyama wasioshikika.

Kwanza lakini, mwajiri wako asome hapa. Mbwa ni wake. Kumlamba mtu aliyekwisha kusema hataki si salamu, na mfanyakazi asiachiwe mzigo wa kuzuia. Anunue klika, anunue biskuti ndogo kavu za mbwa, na wiki ya kwanza amzoeshe Tajiri mlio yeye mwenyewe. Dakika tatu asubuhi, tatu jioni. Anunue pia kimkeka kidogo cha mlangoni, kiwe cha Tajiri peke yake.

Sasa wewe. Biskuti zikae kwenye kopo lenye mfuniko, vipande vikavu vidogo, na utumie kijiko. Kimkeka kiweke mbali nawe, upande wa pili wa jikoni. Simama wima tu. Tajiri atazurura, atakunusia, mpuuze, na akikusogelea rudi nyuma hatua moja. Mguu wake mmoja ukikanyaga kimkeka, hata kwa bahati, bonyeza, kisha kwa kijiko angushia kipande juu ya kimkeka. Si sakafuni, wala si karibu nawe. Juu ya kimkeka. Chihuahua ni mwepesi wa hesabu hizi. Dakika ya nne au ya tano utamwona anakirudia makusudi na kukutazama. Siku ya pili ngoja miguu minne ndipo ubonyeze. Siku ya tatu au ya nne ngoja aketi, kisha alale.

Akishakijua kimkeka, kifungamanishe na jambo unalolifanya kabla ya kutawadha. Ukichukua kopo lako la maji, liliza kidogo kwa kuligonga kwenye sinki, tulia, akienda kwenye kimkeka bonyeza na kumrushia vipande vitatu vinne, kimoja kimoja. Baada ya wiki kadhaa sauti ya kopo peke yake itampeleka. Na kipande cha mwisho kikubwa, kile kigumu cha kutafuna, apewe ukiwa umeshaingia chumbani na kufunga mlango. Mlango uufunge, binti yangu. Mafunzo hayaondoi haki yako ya mlango.

Akikurukia kabla hajajifunza, usipige kelele wala usimsukume kwa mguu. Kwa mbwa wa kilo mbili kelele ni mchezo, na mguu unaweza kumvunja. Geuka, mpe mgongo.

*

*Mimi naishi gorofa ya nne hapa Kilimani. Spitz wangu anabweka kila lifti ikifunguka na kila mtu wa boda akileta chakula. Majirani wamelalamika mara mbili kwa msimamizi wa jengo. Nikimkaripia anazidi.*
— Kijana wa gorofani, Nairobi

Anazidi kwa kuwa anakusikia nawe unabweka.

Klika haizimi kelele, inanunua ukimya, na ukimya ununue ukiwa bado mfupi. Lifti inapofunguka kuna sehemu ya sekunde ambapo masikio yake yanasimama na mdomo bado umefungwa. Hapo. Bonyeza hapo, kipande kidondoke nyuma yake, mbali na mlango, ili ageuke kukifuata. Ukichelewa na akawa ameanza, usibonyeze, ngoja avute pumzi. Mwanzoni omba rafiki apande na kushuka na lifti mara kumi Jumamosi mchana, wakati majirani hawapo, maana huwezi kujifunza shabaha kwa lifti inayokuja bila taarifa. Usiku unaposubiri chakula, mwombe mwenye boda apige simu asigonge. Na huyu mbwa anatembezwa? Spitz ana nguvu kuliko sura yake. Nusu saa asubuhi chini barabarani, akiwa na mkanda wa kifuani na si wa shingoni, kwa sababu koo la mbwa mdogo huumia kwa kuvutwa.

*

*Nataka kumfundisha Dachshund wangu kusimama kwa miguu miwili na kucheza muziki ili kuwafurahisha watoto. Nianzeje na klika?*
— Fundi, Nakuru

Usianze, ndugu yangu. Mgongo wa Dachshund ni mrefu na visahani vilivyo kati ya pingili zake huharibika mapema. Nimemwona mmoja aliyepooza miguu ya nyuma baada ya kuruka kutoka kwenye kochi, na wangu, Tembo, nimemjengea kingazi cha mbao cha kuteremkia. Mfundishe agonge kengele ya mezani kwa pua, au atofautishe viatu vya mtoto mmoja na vya mwingine kwa kunusa. Huyu ni mbwa wa kuwindia mashimoni, pua yake itawafurahisha watoto kuliko miguu yake.

*

*Shangazi, nina huzuni. Bosi ni mchanganyiko wa Jack Russell, ana kilo tano na miaka minne. Siku zote tukimwinua hunguruma, tukawa tunacheka. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka saba alimwinua na akamuuma kidole mpaka damu. Baba watoto anasema Bosi aondoke. Je, klika inaweza kumponya?*
— Mama, Arusha

Mama, kidole kwanza. Jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano nzima, kisha mtoto anapelekwa zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ni tundu dogo na mbwa ni wa nyumbani. Kama hukumpeleka, funga gazeti mpeleke sasa, ubebe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa cha Bosi. Kama cheti hakipo, sema hivyo, usione aibu.

Pili, Bosi aonwe na daktari wa mifugo. Mbwa anayechukia kuinuliwa mara nyingi ana kitu kinachomuuma: mgongo, sikio, goti, wakati mwingine jino. Hakuna mafunzo yanayotibu jino.

Kama daktari hakukuta kitu, basi nitakuambia ninachokiona karibu kila nyumba yenye mbwa mdogo, na nilikifanya mimi mwenyewe kwa Kunde kwa miaka mitatu. Mbwa wa kilo thelathini akigoma kuingia kwenye gari, mwenyewe hana jinsi, atakaa chini amfundishe kuingia. Wa kilo tano ananyakuliwa. Akiwa amelala, ananyakuliwa. Akinusa jambo lake la maana ukutani, ananyakuliwa. Mgeni akija, mtoto akilia, mvua ikianza, mikono inashuka kutoka juu bila taarifa na ardhi inatoweka chini ya miguu yake. Hafundishwi kitu kwa sababu anabebeka. Basi yeye anatumia lugha aliyo nayo, ananguruma, na sisi tunacheka kwa kuwa ngurumo ni ndogo. Bosi amewaambia kwa miaka minne. Kidole cha mtoto kilikuwa neno la mwisho baada ya maneno mengi.

Kwa hiyo, kuanzia leo mtoto hamwinui, na wewe humwinui ila kwa dharura. Ngurumo msiiadhibu kamwe, kwa sababu mbwa aliyekatazwa kunguruma huuma bila kuonya. Mzoeshe mlio kama nilivyomweleza mama wa Kimara. Kisha mfundishe neno "juu".

Kaa chini sakafuni, yeye akiwa huru kuondoka. Huo uhuru ndio msingi: akiondoka, usimfuate, somo limeishia hapo mpaka arudi. Sema "juu", sogeza mkono mpaka kiganja kimoja kutoka ubavuni mwake, usimguse, bonyeza, mlipe. Rudia mpaka ukisema "juu" aanze kukusogelea. Kesho mkono uguse mbavu. Keshokutwa mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, uhisi uzito wake tu, miguu yote ikiwa bado chini. Bonyeza. Halafu miguu ya mbele ipande sentimita moja. Bonyeza akiwa hewani, lakini mlipe akishatua, ili kutua nako kuwe kutamu. Ukiona amekaza mwili, amelamba pua, au ameonyesha weupe wa jicho, umekimbilia mbele; rudi hatua ya jana bila kulaumu. Usimwinue kamwe kwa makwapa kama mtoto mchanga.

Kunde alichukua siku kumi na tisa, naye hakuwahi kuuma mtu. Bosi ameshauma, mpe miezi miwili. Siku ya kumi na tisa ile nilisema "juu" nikiwa nimechuchumaa kando ya gari, na Kunde, badala ya kukimbilia uvunguni kama kawaida yake, akaja akanipa ubavu na kuweka mguu wake wa mbele juu ya mkono wangu. Nilikaa pale chini muda mrefu kabla ya kumwinua. Miaka mitatu nilikuwa namnyang'anya kitu ambacho alikuwa tayari kunipa.

Mwambie baba watoto asubiri miezi hiyo miwili. Kazi ya mtoto ndani ya nyumba iwe kubonyeza klika, akiwa ameketi, nawe ndiye utoe chakula. Watoto wa miaka saba wanaweza kuwa na shabaha nzuri, na Bosi ataanza kumtazama kama mwenye habari njema.

*

*Mbwa wangu ana miaka kumi na mitatu na hasikii tena. Tulianza klika akiwa mtoto. Je, ndiyo mwisho?*
— Mwenye Chiku, Bukoba

Bado, dada. Jicho lake likiwa zima, kiganja chako kitachukua nafasi ya mlio. Funga ngumi, kisha ukunjue vidole vyote vitano kwa ghafla mbele ya kifua chako, halafu kipande. Ngumi, vidole, kipande, mara kumi asubuhi na kumi jioni, kama ulivyofanya miaka kumi na mitatu iliyopita kwa bati. Jioni, taa ikiwa hafifu, keti upande wenye mwanga ili aone mkono. Kabla hujamgusa akiwa amelala, gonga sakafu kwa nyayo karibu na godoro lake ausikie mtikisiko, ngoja afumbue macho, ndipo ukunjue mkono. Kunde wangu naye amefika hapo tangu Machi, ila kwa upande wa sikio la kushoto tu, na klika nimeihamishia kulia.